Fundi Aliyeninyang'anya Mbwa Bila Kumgusa

Mbwa wangu alimpenda fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara kuliko alivyonipenda mimi, na fundi huyo hakuwahi kumgusa hata kwa ncha ya kidole. Mimi ndiye niliyemlisha. Mimi ndiye niliyempakata garini kutoka kwetu Nyarero, Tarime, hadi Mugumu, akanitapikia suruali yangu ya kwendea kanisani. Lakini asubuhi nikifungua geti, mbwa hakugeuka hata kunitazama, alivuka barabara moja kwa moja kwenda kwa fundi. Kama hujawahi kufuga mbwa, mfikirie mtoto wako anayemkimbilia jirani wakati wewe ndiye umerudi na mkate.

Habari za ukoo wa fundi sina, na sikuwahi kuzitafuta. Alikuwa mtu wa Tanga, basi. Nilipohamia Mugumu na mashine yangu ya kusaga nilimkuta ameshakaa miaka mingi pale kibarazani kwake, kofia kichwani, tepu ya kupimia shingoni, miguu kwenye cherehani. Mtaa wetu una mafundi wengi, wa pikipiki, wa redio, wa kuchomelea vyuma, lakini ukisema "fundi" bila kuongeza neno, watu walijua ni yeye. Hata hilo lilinikera. Nasaga unga wa mtaa mzima, na mpaka leo naitwa "yule wa mashine."

Alikuwa na mdomo, jamani! Akitoka kuswali alfajiri alianza, na hakunyamaza mpaka jua lizame. Aligombana na vijana wa bodaboda kuhusu mpira, aliikosoa redio, alimfokea mteja aliyenenepa baada ya kupimwa. Aliongea huku amebana pini midomoni, na pini hazikumpunguzia kasi. Mtu wa kelele namna hiyo ndiye aliyekuja kusifiwa Mugumu nzima kwa kunyamazisha mbwa. Dunia ina vituko.

Mbwa wangu anaitwa Mtachoka. Jina alipewa na marehemu baba. Kwetu mbwa anaweza kubebeshwa ujumbe, na baba alikuwa na ugomvi wa shamba na jirani yake, kwa hiyo kila jioni alisimama karibu na mpaka akaita kwa sauti, "Mtachoka! Mtachoka, njoo!" Jirani asikie. Baba alipofariki kaka zangu waligawana ng'ombe, mimi nikaomba mbwa. Walinicheka sana. Lakini yule mbwa ndiye aliyelala mlangoni kwa mzee siku zote za ugonjwa wake, akakataa kula mzee alipokataa. Nilitaka kitu cha baba kinachopumua, na nilitaka kinitambue mimi kuwa ndiye mwenyewe sasa.

Kule Nyarero alitembea na ng'ombe kutwa. Mugumu nilimfunga mnyororo getini, alinde mashine. Akabweka. Alibwekea bodaboda, mbuzi, akina mama na ndoo zao za mahindi, mfuko wa nailoni ukipeperushwa na upepo. Alibweka mpaka sauti ikamkauka, akapumzika, akanywa maji, akaanza upya. Nyumba ya nyuma yangu alikaa muuguzi anayeingia kazini usiku na kulala mchana, naye alikuja mlangoni kwangu macho mekundu, akashindwa hata kutukana. Alisema tu, "Baba Bhoke, nitakufa." Bhoke ni binti yangu wa kwanza.

Mwenyekiti wa mtaa aliitisha kikao mbele ya mashine yangu. Mtu mpole yule, lakini siku hiyo hakuzunguka. "Baba Bhoke, watu wamechoka. Mwezi huu ukiisha na mbwa bado hivi, atauawa. Sisemi kwa ubaya." Wote walikubali, hata wateja wangu. Kisha fundi akasimama. Nikajua nimekwisha, maana kibaraza chake ndicho kilichotazamana na geti langu, yeye ndiye aliyezisikia kelele zile kuliko wote.

"Mwenyekiti," akasema, "mbwa huyu hana kosa. Niachieni mimi mpaka mwezi uandame."

Watu walicheka. "Fundi, wewe na mbwa wapi na wapi?"

"Sijasema nitalala naye. Nimesema niachieni."

Nilimshukuru kwa mdomo, lakini roho iliniuma. Mimi ni Mkurya. Nimekulia zizini, katikati ya ng'ombe na mbwa. Leo mbwa wa baba yangu anatetewa mbele za watu na mtu wa Tanga anayefunga mlango akiona ndama!

Hilo la ndama si matusi, ni kweli. Fundi aliogopa ng'ombe kupita kiasi. Siku za mnada, makundi yakipita barabarani, aliacha cherehani na nguo ya mteja juu yake, akaingia ndani, akachungulia dirishani. Nilikuwa natoka makusudi nisimame katikati ya barabara, ng'ombe wananipita huku na huku, nimeweka mikono kiunoni. Sina hakika kama aliwahi kuniona, lakini nilijisikia vizuri.

Kutomgusa mbwa lilikuwa jambo la dini yake na la kazi yake. Mate ya mbwa yakimpata ilimbidi anawe mara nyingi na mara moja kwa udongo, na mezani kwake kulikuwa daima na kanzu za watu za kuswalia. "Akiwa mkavu hakuna neno," aliwahi kuniambia. "Lakini mbwa gani atakaa mkavu na ulimi ule?" Kwa hiyo kulikuwa na hatua kadhaa kati yao siku zote. Mbwa alijifunza hatua hizo haraka kuliko wateja walivyojifunza kutokanyaga vitambaa.

Siku ya kwanza alinihoji mimi, siyo mbwa. Alinikalisha kwenye kigoda.

"Mbwa akibweka unafanya nini?"

"Natoka kuangalia kuna nini."

"Kila mara?"

"Kila mara. Fundi, kwetu mbwa akibweka na mwanaume akabaki kitandani, asubuhi zizi ni tupu. Wezi wa ng'ombe hawapigi hodi."

"Sawa. Ukishatoka?"

"Namfokea anyamaze. Asiponyamaza namtupia kipande cha ugali."

Alicheka mpaka pini zikamwanguka. "Yaani akikuita unakuja. Mnabweka wote wawili. Halafu unampa ugali! Ningekuwa yeye mimi nisingelala." Kisha akaacha kucheka, akaokota pini zake moja moja. "Hapa hana ng'ombe wa kulinda. Amefungwa, anatazama miguu ya watu inapita chini ya geti kutwa nzima. Anakuita wewe, Baba Bhoke. Hana mwingine."

Nisingesahau maneno hayo hata ningetaka. Kelele zile zilizomtoa machozi muuguzi, zilizomleta mwenyekiti, zilikuwa zinaniita mimi. Na mimi nilikuwa nimemwachia mtu amzoeze aache.

Kazi yenyewe haikuwa na uchawi. Kwanza alinifungulisha mnyororo, akaniambia uwanja una ukuta, mbwa ataenda wapi. Shingo ilikuwa imechubuka. Akaniambia nimpime kwa uzi nimpelekee, akashona mkanda mpana wa turubai, ukakaa sawasawa. Kipande kingine cha turubai alikishona tukakifunga chini ya geti, miguu ya wapita njia ikapotea. Banda tulilihamishia nyuma kwenye kivuli. Zile habari nilizopewa na mlinzi mmoja, kwamba mbwa afungiwe gizani mchana na apewe pilipili ili awe mkali, alizisikiliza mpaka mwisho, mguu umesimama kwenye cherehani. "Pilipili?" akauliza. "Na wewe ukipewa pilipili ukafungiwa gizani, ukitoka utakuwa mlinzi au mwendawazimu?"

Kisha dagaa, geti likiachwa wazi ili mbwa akae karibu na kibaraza. Alikuwa nao kwenye kopo la maziwa ya unga, dagaa wa ziwani, wakavu. Mbwa alipoanza kubweka, fundi alimwachia kidogo, akasema kwa sauti ya chini, "Asante Jirani, nimesikia." Akaendelea kushona. Mbwa akibweka tena, fundi hakumwona wala hakumsikia, mtu angedhani ni kiziwi. Lakini mbwa akinyamaza tu, hata kwa kuvuta pumzi, hapo hapo dagaa mmoja aliruka hewani. Siku zilivyokwenda ukimya ukawa mrefu kabla ya dagaa kuruka. Mimi aliniagiza nisitoke mbwa akibweka ovyo, ila nitoke akiwa ametulia. "Nenda kabla hajakuita," alisema. "Mchelea mwana kulia hulia yeye." Nilikaa ndani nimeshika kitasa cha mlango, masikio yote nje, jasho linanitoka. Kwa mtu aliyezaliwa Tarime, kusikia mbwa na kukaa ni adhabu.

Na mmesikia alivyomwita? Jirani. Alikataa kabisa jina la Mtachoka. "Siwezi kumwita kiumbe kwa ugomvi wa watu," alisema. Basi ikawa Jirani, na mbwa akalipokea jina hilo kama alizaliwa nalo. Ningeita "Mtachoka!" akainua kichwa, akafikiri. Fundi angesema "Jirani" chinichini, hata akiwa na pini mdomoni, mbwa ameshasimama. Na Mtachoka ndilo jina alilopewa na baba yangu!

Hakuwahi kumfokea. Fundi huyu huyu aliyewafokea wateja, redio na mvua, mbwa alimsemesha kwa upole ambao mkewe marehemu, nadhani, aliupata sikukuu tu. Subira yote aliyonyimwa na Mungu kwa watu aliihifadhi kwa mbwa. Sare ya shule ya Bhoke ilimchukua muda mpaka shule ikafunguliwa, mtoto akaenda na sketi ya mwaka jana imembana. "Njoo kesho," alisema kila siku bila haya. Ukimkumbusha kesho imefika, alikutazama kwa huruma, akasema, "Kesho nyingine." Lakini dagaa wa mbwa hawakuwahi kuchelewa.

Mwezi ulipoandama mwenyekiti alikuja na watu wawili. Mtachoka alikuwa amelala kivulini, geti wazi. Aliwaona, akasimama, akabweka kidogo kama mbwa mwenye nyumba yake, kisha akageuza kichwa kumtazama fundi ng'ambo. "Asante Jirani," fundi akasema. Mbwa akalala tena. Muuguzi aliyekuwa anachungulia dirishani alipiga kigelegele. Mbwa wa baba yangu alipona, na watu wote walivuka barabara kumpa mkono fundi.

Mimi nilibaki getini. Hakumtazama mwingine yeyote, mnaelewa? Alimtazama yeye.

Tangu hapo ilikuwa fundi kwa kila kitu. Mezani mke wangu anasema, "Fundi anasema mbwa asiyetembea anabweka kwa miguu." Nikamwambia mimi ninafungua mashine alfajiri, nitamtembeza saa ngapi? Akasema hakuna haja, fundi ameshapata njia. Kumbe mbwa alikuwa anamfuata msikitini! Anatembea nyuma yake kwa mbali, anakaa upande wa pili wa barabara, watu wanaswali, wanatoka, anarudi naye. Niliambiwa waumini walimzoea mpaka wakawa wanamuulizia asipoonekana. Mimi kanisani kwetu ameshawahi kunifuata? Hata siku moja.

Nilijaribu kumrudisha. Nilinunua maini buchani, mazuri, ya moto, nikamwita Mtachoka uani na kumwekea mbele. Aliyanusa kwa heshima. Akayabeba mdomoni, akatoka getini, akavuka barabara akiangalia huku na huku, akaenda kuyalia kwenye ngazi ya kibaraza cha fundi. Fundi alipiga ukelele ambao mtaa haujausahau. Nilishinda mchana huo nikisugua ngazi yake kwa maji na udongo huku yeye amesimama juu yangu akinihesabia, na mbwa akitutazama wote wawili kwa furaha.

Sifa zilitoka nje ya mtaa. Watu wakaja kumwita, na kwa kuwa njiani kuna ng'ombe na fundi hawawezi, ilibidi nimpeleke mimi kwa pikipiki yangu. Hebu niambieni, kuna mtu anayembeba mgongoni anayemwonea wivu? Mimi hapa. Ng'ombe wakitokea alinikumbatia kwa nguvu na kusoma dua sikioni mwangu, na mimi, nakiri, nilikuwa napunguza mwendo.

Kulikuwa na mama mmoja upande wa Manchira, karibu na bwawa. Mbwa wake alikuwa mtulivu miaka yote, ghafla akaanza kubweka akiguswa na hata asipoguswa. Watoto walisema amerogwa. Fundi alisimama mbali, akamtazama anavyotembea, akasema, "Huyu anaumwa. Mguu ule wa nyuma. Baba Bhoke, tazama katikati ya vidole." Nikapiga magoti mimi, nikang'atwa kidogo mimi, nikatoa kupe walionenepa mimi. Mbwa akanyamaza. Yule mama alimshukuru fundi kwa machozi, akampa kuku. Mimi alinipa maji ya kunawa.

La kijiji cha Natta lilinichoma zaidi. Kijana mmoja anayepika kwenye kambi ya watalii alikuja kutuita kwa ajili ya mbwa wa nyumbani kwao, wanaobweka upande wa pori mpaka mama yake amepata shinikizo la damu. Fundi aliuliza wanabwekea upande gani na wanaanza giza likiingia au baadaye. Kisha akazunguka zizi la mbuzi. Sasa sikilizeni. Nyayo za fisi niliziona mimi kwanza, wakati naegesha pikipiki, na kile kinyesi chake cheupe. Nilikuwa nafungua mdomo. Fundi akawahi: "Hawa msiwanyamazishe hata kidogo. Wanafanya kazi. Kuna fisi, zibeni zizi." Mama wa nyumba akasema, "Eeh, huyu mzee ana macho!" Nikasema, hata mimi niliona. Yule mama akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyesema naye amekula.

Lakini kweli nikubali jambo moja. Mtu mwingine aliyesifiwa kwa kunyamazisha mbwa angewanyamazisha wale pia, apokee kuku wake. Fundi hakupenda mbwa bubu. "Mbwa asiyebweka ni mkeka," alisema. Alichotaka kujua yeye ni kwa nini anabweka. Kijana alipiga simu baada ya muda, zizi limezibwa, mbwa wanabweka kidogo tu na mama analala.

Mama yangu alikuja kutoka Nyarero msimu wa mavuno kuwatazama wajukuu. Mama yangu hasifu mtu. Nilipojenga nyumba ya matofali alisema ina madirisha mengi. Basi siku ya pili tu nikamkuta kibarazani kwa fundi, kikombe cha chai mkononi, mbwa amelala kati yao. Walikuwa wakiongea Kiswahili, kila mtu kwa namna yake, mama akichanganya na Kikurya, fundi akiitikia hata asichokielewa. Jioni nikamuuliza mlikuwa mnaongea nini na yule mzee. "Mura," akaniambia, kama ananiona bado kijana, "huyu mtu anamjua mbwa kama marehemu baba yako alivyomjua."

Sikula usiku huo. Mke wangu aliuliza kama naumwa, nikasema tumbo. Ningeweza kuvumilia mbwa, ningevumilia maini na msikiti na kuku wa Manchira. Lakini mimi ndiye mtoto wa baba yangu! Nililala nikimtafutia fundi makosa, na makosa yalikuwa mengi, na hakuna hata moja lililosaidia.

Miaka hii ya karibuni macho yake yalianza kufifia. Alianza kwa kuomba watu wamtungie uzi kwenye sindano, akisingizia mwanga. Kisha mikunjo ya kanzu ikapinda, na wateja wakaipokea bila kusema kitu, ndipo nikajua hali ni mbaya, maana watu wa Mugumu husema. Binti yake wa Tanga akampigia simu: baba, rudi. Akapiga tena. Mwishowe fundi akakubali, na katika mtaa mzima nadhani ni mimi peke yangu niliyepata habari ile na kujisikia mwepesi. Nilijiambia, basi. Mbwa amezeeka, fundi anaondoka, tutabaki wawili. Atanigeukia mimi kwa kuwa hakutakuwa na mwingine.

Nilikwenda kumuaga alasiri ya mwisho. Cherehani ilikuwa imefungwa kwenye magunia, kibaraza kimefagiliwa, na ilikuwa ajabu kukiona bila vipande vya nguo. Mtachoka alikuwa ameshafika kabla yangu, bila shaka. Amelala pale pale anapolala, mdomo umeota mvi.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, Baba Bhoke. Karibu, kaa. Kigoda kipo mahali fulani hapo, wewe unaona."

Nikakaa. Tuliongea habari za safari, basi la alfajiri, binti yake. Nilimwambia asiwe na wasiwasi juu ya mbwa, mimi nipo. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu mwenye mali yake. Fundi akaitikia kwa kichwa.

"Nikuambie neno kabla sijaondoka," akasema. "Nimekuonea wivu sana."

"Nani? Mimi?"

"Miaka yote. Asubuhi ulikuwa unampita pale getini, unampapasa kichwa hivi, huku unaongea na simu, unatafuta funguo, humtazami. Na mimi nimekaa hapa. Nilikuwa nasema, Ee Mola, yule bwana hajui ameshika nini."

Nilimwambia, kwa kutojua niseme nini, kwamba angemgusa basi akanawa. Maji yapo, udongo upo.

"Ningemgusa mara moja nisingeacha," fundi akasema. "Na kanzu za watu je?" Akacheka kidogo, akajipangusa macho kwa ncha ya kanzu yake. "Sasa niambie. Pale nyuma ya masikio, pakoje?"

Nimemshika mbwa yule tangu Nyarero. Nimemfunga, nimemfungua, nimempima shingo kwa uzi. Nilitafuta moyoni mwangu na sikupata jibu.

"Pa laini," nikasema.

"Laini ni neno la wateja. Laini kama nini?"

Nilinyoosha mkono. Mtachoka alinitazama kwanza, kisha akakubali. Nikaweka vidole pale nyuma ya sikio, mahali ambapo manyoya huwa mafupi, nikavisogeza taratibu. Fundi alikuwa ameinamisha kichwa upande wangu, anasubiri.

"Kama pamba?" akauliza.

"Hapana. Pamba hapana."

"Hariri?"

"Hariri sijawahi kushika, fundi." Nikasogeza vidole tena. Mbwa akafumba macho, akaniachia uzito wote wa kichwa chake kiganjani, na kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani. "Kama flaneli," nikasema.

"Mpya au iliyofuliwa?"

"Iliyofuliwa. Iliyofuliwa sana. Ile ya kumfungia mtoto mchanga."

Fundi alivuta pumzi ndefu, akaegemea ukuta, akafumba macho naye. "Nilijua tu," akasema.

Mwone huyo! Hata hilo alikuwa analijua. Wivu ulinipanda pale pale, na mkono wangu sikuutoa.